Moto Uliotiwa Mlango

Kuna watu ukiwauliza chai au kahawa, maji yanapoa kabla hawajajibu. Gaudens Kamugisha alikuwa wa kundi hilo, tena mwenyekiti wao. Kununua viatu kulimchukua Jumamosi kadhaa. Kuchagua mke, kazi hiyo mama yake aliimaliza mwenyewe kule kwao Kamachumu, Bukoba, kwa kuogopa kufa bila mjukuu. Hata hivyo alikuwa mtu mwema, karani wa maghala ya bandari, shati limenyooka, mwandiko unasomeka, na nyumba yake ya kupanga huko Temeke aliipenda kana kwamba kaijenga mwenyewe.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, lakini kibiriti dukani kilikuwa bado cha kutafuta. Mkewe Demetria hakujali. Alifanya kama wafanyavyo kwao: jioni anafukia gogo nene kwenye majivu, asubuhi moto upo. Jiko lao lilikuwa uani, kuta tatu za udongo, mbele wazi. Ua wenyewe haukuwa na kizuizi. Uliungana na wa Mwanaheri, mama mtu mzima wa nyumba ya nyuma, na wa majirani wengine. Basi kila asubuhi wanawake walikuja na vigae vyao, wakachota makaa, wakapiga soga kidogo na yule mgeni wa Bukoba ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa, wakaenda zao. Demetria aliwapenda. Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Siku moja upepo wa kusi ukavuma, cheche ikaruka jikoni, pindo la kanga ya Demetria likashika moto. Aliuzima kwa mikono. Hakuungua sana, lakini alikuwa mjamzito, na mimba yao ya kwanza ilikuwa imeharibika. Gaudens aliogopa mpaka akakosa hamu ya kula. Huyu mtoto lazima azaliwe salama. Akaamua jiko litiwe mlango.

Kuamua kulikuwa rahisi. Mlango gani? Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Gozbert, karani mwenzake, alisema kitu cha maana ni wavu wa waya. Aliuona kwa mzungu mmoja huko Oyster Bay, ambaye jioni hukaa bustanini akiota moto. Jambo hilo peke yake lilimsumbua Gaudens siku nzima: joto lote hili la Dar es Salaam halimtoshi? Fundi bati wa Kariakoo akasema wavu si kitu, likunjuliwe debe. Albano, seremala wa Kimakonde aliyekaa njia ya Mtoni, akawacheka wote wawili.

"Karani, mlango ni mti," alisema. "Mninga huu. Ndani tunaupigilia bati."

"Mti mbele ya moto?"

"Si nimekwambia tunapigilia bati!"

Gaudens akarudi nyumbani kichwa kinamuuma. Wavu utapata kutu. Debe litababua mikono. Mninga ni mzuri, lakini ukiungua? Akamuuliza Demetria, naye akasema wowote utakaomfaa. Jibu hilo halikumsaidia hata kidogo. Mwisho akachukua wa Albano, wenye bawaba na komeo. Na kwa kuwa Albano hakuweza kuona ubao mtupu akauacha mtupu, katikati aliuchonga uso wa mzee mwenye mashavu manene.

Ulipendeza. Cheche haikutoka tena. Ila wanawake waliacha kuja.

"Hawaji," Demetria alimwambia jioni moja.

"Nani?"

"Wote. Nakaa ndani hapa nawasubiri. Hakuna anayekuja."

Gaudens akaenda kumsalimu Mwanaheri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mwanaheri, akaendelea kupepeta mchele. Habari za kazini hakuuliza, habari za mke hakuuliza. Pwani hii, salamu ikiishia hapo ujue umefukuzwa. Gaudens alisimama pale akitafuta kosa lake asilione, kisha akaondoka kinyumenyume.

Usiku kucha aliwaza, asubuhi akapata jibu. Ni ule uso! Hawa ni Waislamu, sanamu jikoni wataipendaje? Akampelekea Albano mlango, Albano akaununia, kisha akaupiga randa mashavu yote yakaisha. Mlango ukarudi, wanawake hawakurudi. Labda basi hawapendi kufichwa chungu, wakadhani kuna kinachopikwa kwa siri. Gaudens akatoa ubao akatia wavu. Waliokuwa wakiitikia salamu kwa mdomo sasa wakaitikia kwa kichwa. Labda wavu una majivuno ya kizungu? Akatoa wavu akatia bati la debe, likaziba barabara. Sasa hata kichwa hakikutikiswa. Mchagua nazi hupata koroma, na huyu alikuwa amekwisha pata mnazi mzima wa makoroma. Kila alipobadili mlango uadui uliongezeka, na Demetria alizidi kukaa ndani peke yake, mkono tumboni.

Uchungu ulimshika Jumamosi mchana. Gaudens alikimbilia jikoni kuchemsha maji, akavuta komeo, akakuta majivu baridi. Bati lilikuwa limeziba mno, gogo limekufa kwa kukosa hewa. Kibiriti hakuna. Ndani mkewe analia kwa lugha ya kwao, anamwita mama yake aliye ng'ambo ya ziwa. Gaudens aliokota kigae, akakimbia nyuma.

"Hodi! Hodi, mama!"

Mwanaheri alimtazama yeye, akakitazama kigae. "Moto? Nyie si mna wenu wa komeo?"

"Umezimika. Na mke wangu ana uchungu."

Mwanaheri hakuuliza tena. Alivua ushungi, akajifunga kibwebwe, akaita majina kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mara ua ukajaa wanawake, huyu na makaa, yule na maji, mwingine na kanga safi, wakamsukuma Gaudens nje kama kuku aliyeingia chumbani. Akakaa chini ukutani. Hakuelewa. Jana hawakuitikia salamu yake, leo wanapokezana kumshika mkewe.

Jua lilikuwa linashuka mtoto wa kike alipolia. Mwanaheri akatoka, jasho linamtiririka, akaketi karibu naye.

"Karani, tulikukosea nini hata ukatunyima moto?"

"Mimi? Nimemnyima nani?"

"Umeutia mlango."

"Mama, kwetu moto uko ndani ya nyumba. Kila anayeutaka anapita mlangoni. Anapiga hodi, anakaribishwa, anapewa kahawa ya kutafuna, ndipo anachukua moto. Mlango si kunyima!"

"Mtu mzima mie nipige hodi kwenye jiko?" Mwanaheri alimkodolea macho. "Siku zote nilikuja nikasimama pale na kigae changu. Nikasema, leo atafungua. Kimya. Nikarudi na aibu yangu."

"Naye alikuwa ndani, mama. Anasikiliza hodi."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

Mwanaheri alifuta shingo kwa upindo wa kanga. "Mtoto alitanguliza miguu," alisema. "Ningekuwa namwona mkeo kila asubuhi, ningejua mapema, kukanda wajawazito ndiyo kazi yangu. Ningemkanda polepole, angegeuka. Leo, baba, nusura tuwazike wote wawili."

Gaudens alikuwa ameweka mlango ili mtoto asidhurike. Aliinuka, akalishika lile bati kwa mikono miwili, akaling'oa na bawaba zake, vidole vikachanika. Hakumuuliza mtu.

Asubuhi ya Jumapili alikaa kando ya jiko. Moto uliwaka, mbele wazi. Alikaa muda mrefu, akaanza kudhani hawatakuja. Kisha akatokea mwanamke kijana asiyemjua jina, kigae mkononi. Hakupiga hodi, hakumsalimu. Aliinama mbele yake, akachokora makaa kwa kijiti, akachagua makubwa, akageuka.

Kamachumu, achukuaye moto wa watu namna hiyo ni mwizi. Gaudens alimtazama akienda, machozi yakamtoka, akamwita arudi aongeze.