Alama ya Mtoto wa Kwanza

Mtaani walimwita Mama Panya, naye hakuchukia. Panya ndio waliomlishia wanawe. Mumewe alimtania kwamba iko siku ataota mkia. Kazi yake katika kituo cha utafiti ilikuwa kupandisha panya weupe kwa weusi, kisha kuangalia watoto wamerithi nini pamoja. Sifa zinazoandamana kama chanda na pete, jeni zake zimekaa jirani. Hivyo ndivyo ramani ya jeni inavyochorwa. Kila mtoto hukatwa alama sikioni, wa kwanza kulia, wa pili kushoto, ili wapimaji wanaosoma alama hiyo wasihesabu kipande cha mkia wake kuwa cha ndugu yake.

Siku ramani yao ilipolinganishwa na ya kituo kingine, zilikataana. Jeni mbili walizoziweka mbali moja na nyingine, wenzao walizikuta zimebanana.

"Kuna mtu anachanganya panya," alisema daktari mkuu. "Nikimpata, anaondoka."

Tangu hapo Mama Panya alikosa usingizi. Aliogopa, tena vibaya, maana meza ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mjane ambaye Mama Panya mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi hiyo. Watu husema mawifi hawaivi chungu kimoja. Hawa waliiva mpaka wakashika ukoko.

"Wifi, mbona unatetemeka? Umekula chakula cha panya?" dada wa mumewe alimtania.

"Leo sina utani, wifi."

Daktari akawaita, akataka kila mmoja amtie mtoto wa kwanza alama mbele yake. Mama Panya akakata sikio la kulia. Wifi, mkono umetulia, akakata la kushoto.

Mama Panya aliikumbuka siku ya kumfundisha wifi: walisimama wakitazamana, meza katikati yao, naye akionyesha kwa mkasi, "Wa kwanza huku, wa pili huku." Kulia kwake kulikuwa kushoto kwa wifi. Hakumwambia azunguke.

"Nani alikufundisha hivi?" daktari aliuliza.

Wifi alimtazama Mama Panya, akaona uso ulivyomsawijika, akaelewa.

"Hakuna, daktari. Nimekosea mwenyewe."

Neno lilimfika Mama Panya kooni, hofu ikalirudisha. Alibaki amesimama huku wifi akivua koti jeupe, akilikunja vizuri na kumkabidhi.

"Nyumbani usiseme chochote, wifi," alimnong'oneza. "Kaka akijua, hatakusamehe."