Mlango wa Upande wa Ghala

Nilizaliwa Iringa, karibu na soko, katika nyumba ya watu waliopanda zamani kutoka pwani, wakafungua biashara zao ndogo na kubaki. Chuoni nilisoma Kurani, na nilipohitimu mjomba wangu akanikalisha mbele ya cherehani. Aliniusia mambo mawili tu: nisiianze kazi bila bismillahi, na nguo ya mtu nisiikate kabla sijampima mara ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana mwenye mke, niliipakia cherehani ile juu ya lori la mahindi nikaja Mbeya. Nilikuwa nimesikia kwamba wachimbaji wa dhahabu wa Chunya wakija mjini, kitu cha kwanza wanachotafuta ni suruali.

Wasomaji wa leo inabidi niwaeleze tulivyofanya kazi wakati ule. Fundi hakuwa na duka. Alikaa barazani kwa mwenye duka la nguo, na wetu alikuwa Mhindi aliyeuza vitambaa vya marekani, kaniki na khaki. Mteja aliingia ndani, akachagua kitambaa, akatoka nacho mkononi, akatukuta sisi. Tulikuwa watatu: mimi, Mnyakyusa mmoja mtu mzima, Mkristo mcha Mungu, na Msafwa mmoja ambaye mdomo wake ulikwenda mbio kuliko cherehani yake. Kodi ya baraza hatukulipa. Badala yake tulifagia mbele ya duka asubuhi, tukasaidia kufungua ile milango mizito ya mbao, na mwenye duka akienda kula mchana alituachia funguo. Tulimwita Tajiri. Yeye alituita Fundi, wote watatu, na akiita tuligeuka wote.

Mwaka mmoja, wakati wa baridi, serikali ilitaka kujua nchi nzima inaishi kwa kazi gani, na kila kazi ni kubwa kiasi gani: mashamba ya chai na kahawa, migodi, malori, viwanda, maduka makubwa na maduka madogo. Karani wa boma alipita duka kwa duka. Kwetu alifika mchana, Tajiri amekwenda kula, akanikuta mimi nimesimama mlangoni na funguo kiunoni. Nilimpa kiti, akakataa, alikuwa na haraka. Alizitazama cherehani, akazitazama funguo, akaandika, akaenda zake.

Alichoandika tulikijua Tajiri alipoitwa boma. Duka lake lilikuwa limehesabiwa kuwa na wafanyakazi watatu, kwa hiyo halikuwa tena duka dogo. Lingehamia daraja la juu, lenye leseni ya ghali zaidi na sheria zake za kuajiri. Alirudi uso umemshuka. Hakuwa mtu mbaya, na hata siku ile hakupandisha sauti.

“Fundi, nyinyi watu wangu?”

“Hapana, Tajiri. Sisi tumekaa kwako tu.”

“Serikali inasema watu wangu. Basi mwisho wa mwezi, baraza iwe tupu.”

Habari ilienea upesi. Tulizunguka mji mzima, na hakuna mwenye duka aliyetaka cherehani mbele ya mlango wake. Mnyakyusa akasema atarudi Rungwe kwenye migomba yake. Msafwa akasema atalima pareto, kwa kuwa mwenye pareto haulizwi ni mtu wa nani. Mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua. Aliniuliza kama afunge mizigo ya Iringa. Nilimwambia asifunge kitu. Niliswali, nikamwomba Mwenyezi Mungu anipe subira, na asubuhi nikaenda boma.

Karani hakuwa na nafasi. Nikamwambia nitasubiri. Palikuwa na benchi refu chini ya ukuta, na kwa kuwa sikuweza kukaa mikono mitupu nilikuwa nimebeba mashati ya wateja, nikawa natoboa matundu ya vifungo na kuyashona kwa mkono. Kesho yake nilirudi, na kesho kutwa. Adhuhuri ilipoingia nilitawadha kwenye bomba la uani, nikaswali pembeni, nikarudi kwenye benchi. Tarishi mmoja akaniletea koti lake lililokatika kifungo. Baadaye akaja mwingine na kola iliyochakaa, akataka niigeuze. Walinilipa kama wateja wengine, na benchi la serikali likawa baraza langu, bila mimi kukusudia.

Mwisho karani mwenyewe alitoka na suruali yake ya khaki imekunjwa kwapani, imechanika gotini. Alisimama akitazama nikiweka kiraka kwa ndani, ili kwa nje usionekane ila mstari.

“Sasa hizi hela,” akauliza, “tajiri wako anapata fungu gani?”

“Hapati kitu, Bwana Karani. Yeye anauza kitambaa, mimi nauza mkono wangu. Hata leo mkono uko hapa, na duka lake liko kule.”

Nilikata uzi, nikamkabidhi suruali. Ndipo aliponiambia, kwa upole kabisa, kwamba basi mimi si mtu wa duka, mimi ni biashara. Lakini karatasi zake hazina mahali pa biashara iliyo kwenye baraza la mwenzake. Biashara ina mlango wake na ina mwenyewe. Nikipata mlango kabla ya mwezi kwisha, atakuja kuandika upya.

Nilirudi mbio. Ubavuni mwa duka la Tajiri palikuwa na ghala la chumvi, ukuta wake mrefu ukitazama njia ya sokoni, nao haukuwa na tundu hata moja. Nilimwomba Tajiri atupangishe ghala lile na aturuhusu kutoboa ukuta. Aliogopa nyumba itaanguka. Msafwa, ambaye kabla ya ushonaji alikuwa amejenga nyumba nyingi, aliugonga ukuta kwa ngumi na kumwambia kwamba chumvi imeshakula tofali za chini, na kama hatutoboi sisi, ukuta utajitoboa wenyewe. Tajiri akacheka bila kutaka. Akakubali.

Tulifanya kazi hiyo wenyewe. Mnyakyusa alikuwa amejifunza useremala misheni, akaranda mbao za mkaratusi kwa sababu ndizo tulizozimudu. Msafwa alitoboa na kuweka kizingiti. Mimi nilibeba vifusi, maana sikuwa na ujuzi mwingine. Mlango uliposimama Mnyakyusa alivua kofia akaomba kwa namna ya kwao, nami nikasoma Fatiha. Msafwa alisema sasa umeombewa pande zote, ukigoma kufunguka si kosa lake. Na kweli, mkaratusi ule mbichi ulipinda, na miaka yote tuliyokaa pale ulifunguka kwa kusukumwa na bega.

Karani alitimiza ahadi. Alikuja siku mbili tatu kabla ya mwezi kwisha, akasimama mbele ya mlango, akauliza mwenyewe ni nani. Tulitazamana.

“Andika huyu,” akasema Msafwa. “Ndiye aliyelichosha benchi lenu.”

Karani akatufuta kwenye hesabu ya duka, akaandika: kushona nguo, kiwanda kidogo. Msafwa alipoambiwa ni kiwanda, alitaka tununue kengele.

Kesho yake asubuhi niliusukuma mlango wetu kwanza, kisha nikachukua ufagio nikaenda mbele ya duka kama kawaida. Tajiri alikuwa anafungua mwenyewe, funguo mkononi mwake.

“Acha, Fundi. Sasa wewe si mtu wangu.”

“Ni jirani yako, Tajiri,” nikamjibu, nikafagia mpaka kwenye kona.

Kabla jua halijakolea alitoka dukani mchimbaji mmoja wa Chunya, vumbi mpaka kwenye nyusi, khaki mpya kwapani. Alisimama kwenye baraza tupu akitafuta mafundi. Nilimsikia Tajiri akimwelekeza: zunguka hapo, kuna mlango mpya, wako ndani. Akazunguka. Mnyakyusa alikuwa ameshatia makaa kwenye pasi. Nilimkaribisha, nikasema bismillahi, nikampima, nikampima tena, ndipo nikashika mkasi.