Siku Nilipowachekesha Watu wa Chome

Kozini mjini Same tulifundishwa kwamba mkutano ukianza kwa hotuba, umeshalala. Waulize watu swali jepesi, wajibu kwa pamoja. Taja kitu chao. Wachekeshe. Nilikuwa kijana, bwana maendeleo mpya, kiherehere tele, nikatumwa kwetu Chome, milimani, kuwashawishi watu washuke tambarare wakaanzishe kijiji cha ujamaa. Waliotangulia walizomewa. Mimi nizomewe? Thubutu!

Sikuita mkutano kwa barua. Niliomba lipigwe baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja huku Upareni. Likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, na hakuna anayeondoka mpaka kazi iishe. Wakaja na majembe. Nikawauliza kwa Chasu, lugha yetu, nani alichimba mfereji wa maji? "Sisi!" Nani alijenga shule? "Sisi!" Na hii kazi ya kuhama, nani anaikataa? Kimya. Mpare gani atasimama mbele ya wenzake akatae msaragambo? Nilijua hilo, ndiyo maana nikalitumia. Hata leo najichukia nikiliandika.

Aliyenyoosha mkono ni mmoja tu, shangazi yangu, aliyenilea. Alikuwa na mjukuu mgongoni.

"Baba, kule chini kuna homa. Hawa watoto waliozaliwa kwenye baridi itakuwaje?"

Swali la maana kabisa, na jibu sikuwa nalo. Lakini kozini walisema usiache swali gumu likapoza mkutano. Nikageukia umati. "Jamani, shangazi yangu haogopi chui wa msitu wa Shengena, anaogopa mbu!"

Wee, walicheka! Wazee wazima walifuta machozi. Yeye alitabasamu kwa aibu, akaketi, akamkaza mtoto kwenye kanga. Hadi jioni wengi walikuwa wameshaandikisha majina. Ofisini nikapongezwa, nikavimba kichwa.

Walishuka kabla ya masika. Mvua ilipokolea, homa ikaingia nyumba kwa nyumba. Zahanati niliyowaahidi kwa mdomo wangu walipokuwa wakiandikisha majina haikuwa na hata msingi. Mjukuu wa shangazi alishikwa na homa usiku na mchana, wakamfunga kwenye machela kumkimbiza hospitali. Alikata roho njiani.

Nilikwenda kuzika. Tulipomaliza kufukia, mzee wa ukoo akasema bwana maendeleo atoe neno, maana yeye ndiye anayejua kuongea na watu. Hakuwa akinikejeli, na hilo ndilo lililoniumiza. Wote wakanigeukia, wametulia, wananisubiri. Sijawahi kupata wasikilizaji kama wale.

"Shangazi," nikasema, "lile swali lako..."

Alinitazama, macho makavu.

"Lijibu, baba," akasema taratibu. "Leo hatutacheka."