Nywele za Mwape

Mafuta ya mbegu za mchikichi yakipashwa moto, harufu yake haiondoki upesi. Huganda kwenye mapazia. Jumapili iliyopita binti yangu aliyapasha jikoni, akaketi na kioo na simu, akajaribu kujisuka kwa uzi mweusi mtindo wa zamani ambao, anasema, umerudi. Nilitoka nje. Alidhani moshi umenikera. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Katuba, hapa hapa Lubumbashi: mama, mimi, na Kambo, ndivyo tunavyomwita nyanya. Kambo, mama yake mama, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau chumvi kwenye mboga, halafu jina la mtaa, halafu sisi. Mwishowe akakataa kula. Hakukataa kwa ukali. Alifunga mdomo tu, akageuza uso kuelekea mlangoni, akasema atakula Mwape akirudi.

Mwape alikuwa mdogo wake. Walikulia Kasenga, na mama alikuwa hajazaliwa bado siku Mwape alipopanda mtumbwi kuvuka Luapula na samaki wa kuuza, mtumbwi ukapinduka. Hakukuwa na mtu wa kurudi.

Mama alijaribu kila kitu. Alisonga bukari, ugali wetu, laini kama uji, akapika mchicha wa lengalenga kwa karanga, akamchambulia samaki mwiba kwa mwiba. Kambo alikaza midomo, na midomo ile ikapasuka kwa ukavu. Muuguzi alisema haoni ugonjwa, tumlishe kwa upole. Mama alitoka chumbani na sahani vilevile alivyoingia nayo, akaiweka kando ya mbabula, akasimama akitazama makaa. Nilimsikia akimwomba Mungu kama mtu anayegombana na jirani. Mifupa ya mabega ya Kambo ilianza kuchomoza chini ya kitenge, nami nikaogopa kumgusa.

Mwape alikuwa amebaki kwenye picha moja tu, nyeusi na nyeupe, amesimama na dada yake. Nywele zake zilikuwa zimezungushiwa uzi fungu kwa fungu hadi zikasimama ngumu, kisha zikainamishwa na kufungwa pamoja utosini kama mpini wa kikapu. Mama aliitazama picha, akanitazama mimi. Watu walizoea kusema paji langu la uso ni la Kasenga. Akaenda kutafuta kitana.

Nywele zangu zilikuwa zimelainishwa kwa dawa, fahari yangu shuleni, na uzi uliteleza. Mama alichukua mkasi bila kuniuliza, akakata sehemu yote laini. Nililia. Akasema maneno aliyoyarithi kwa Kambo, kwamba kichwa kinachouma leo kesho kitasifiwa, lakini aliyasema bila kuyasikia. Zilizobaki hazikutosha, akaunganisha nywele za kununua, akapaka mafuta, akavuta hadi nyusi zangu zikapanda.

Kambo alinitazama, akageuka. "Huyu hapana Mwape."

Mama akafumua. Akasuka upya, mpini ukawa juu zaidi. Tulipoingia Kambo hata hakufumbua macho. Mama akaketi sakafuni kwenye saruji, miguu ameinyoosha kama mtoto, picha mapajani. Sijui kama kuna kitu kinachomtisha mtoto kuliko kumwona mama yake hana la kufanya. Nikamwambia asuke tena, haiumi. Ilikuwa inauma sana.

Ndipo akaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, akaona kwamba mstari wa kugawa nywele haukuwa katikati. Ulianzia juu ya jicho la kushoto.

Alasiri ile niliingia na bakuli. Kambo alinitazama kwa muda mrefu, akanyoosha mkono, akagusa uzi.

"Mwape, ulikuwa wapi? Nilikuwa nakungoya."

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa nyuma ya pazia, akinihimiza kwa kichwa.

"Nilikawia, yaya," nikasema, maana ndivyo anavyoitwa dada mkubwa. "Sasa kula."

Akala. Alikula huku amenishika kifundo cha mkono, asiniachie.

Nilikuwa Mwape tangu kiangazi hadi mvua zilipoanza kupiga mabati, na Kambo akafa usingizini, akiwa ameshiba. Msibani watu walimsifu mama kwa kumtunza. Lakini kilichonitoa jikoni kwangu si kifo kile. Ni asubuhi moja kabla yake. Mama alikuwa akinikazia uzi mbele ya Kambo, na Kambo akamtazama akifanya kazi, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsifu mgeni:

"Mwape, huyu mama iko na mikono muzuri. Mama yake njo nani?"

Mama alijibu mwenyewe. Vidole havikusimama.

"Hamumujui," alisema. "Ni mama muzuri."

Nilidhani wanamzungumzia mtu mwingine. Uzi ulikuwa umenibana karibu na sikio, nikamwambia mama avute polepole. Imebidi mama yangu naye azeeke ndipo nielewe kwamba kila asubuhi, kwa mikono ile, alikuwa akimtengenezea mama yake mtu wa kumtambua, na mtu huyo hakuwa yeye.