Neno Nililoandika kwa Ajili ya Neema

Asubuhi ile, miaka mingi iliyopita, mimi muuguzi nilikuwa zamuni kwenye kituo chetu cha afya, Kabondo, nikiwatuliza akina mama waliogombania foleni ya chanjo. Siku ya kawaida kabisa. Ilipofika saa nne, majeshi mawili ya kigeni, ambayo hakuna aliyeyaalika kwetu, yakaanza kurushiana mabomu katikati ya mji wetu.

Siku ya tatu ya mapigano, binti yangu Neema, wa miaka mitano, aliishiwa damu kwa malaria. Kituo chetu hakikuwa na vifaa vya kumwongezea. Hospitali kubwa ilikuwa navyo. Kwetu damu ya mgonjwa hutolewa na ndugu zake, na yangu ilipatana na yake. Mume wangu akatupakia kwenye baiskeli.

Kwenye kizuizi askari alituelekezea bunduki.

"Chef, mutoto hana damu tena," mume wangu akasema. "Acha tupite ku hôpital."

"Rudi."

Tulirudi.

Neema alifia mapajani mwangu, juu ya baiskeli.

Mabomu yaliponyamaza nilifungua daftari la kituo. Safu ya sababu ya kifo ilitaka ugonjwa. Nikaandika kama nilivyofundishwa: malaria.

Mwaka huu Espérance, mwanafunzi anayepanga chumba kwangu, anaandika mémoire yake ya kumaliza chuo, juu ya watafiti wanaochunguza ukoloni na afya ya Wapalestina. Hao, alinieleza, hawaishii kwenye homa au kidonda. Wanauliza ni nani anayeshika barabara, nani anayemruhusu mgonjwa apite. Juzi alirudi amenuna.

"Mama, professeur anasema niondoe neno ukoloni. Eti iko politique, haiko santé."

Hasira ilinipanda. Siasa, si afya! Na bunduki ile ilikuwa nini, dawa?

"Usiondoe hata herufi moja!" nikafoka, nikamsimulia habari za Neema.

Akauliza taratibu, "Na ku daftari, mama, uliandikaka nini?"

"Malaria."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sikuandika uongo, malaria ilikuwemo. Neema angekuwa mwanamke mzima sasa, na hakuna neno litakalomrudisha. Wale askari walikwenda zao, hakuna aliyewauliza kitu. Waliacha maiti, na mimi niliyemzaa ndiye niliyewaondolea lawama, kwa mwandiko wangu mwenyewe.