Mama Mwende Alipoikalia Trela Yangu

Kuna siku moja huwa inanirudia kila nikiwasha mashine ya kuchomelea, mwanangu. Leo nakusimulia wewe kwa sababu juzi nilikusikia ukijisifu pale kwenye kona, nikajiona mimi mwenyewe. Usikasirike. Kujisifu si kosa. Mimi najisifu na nina haki: niliacha shule darasa la tano, na leo nina karakana mbili, moja hapa Jericho, Nairobi, na nyingine Industrial Area. Trela zangu zinabeba boti Naivasha, Masinga, mpaka Kisumu. Mainjinia wenye vyeti ukutani wananipigia simu kuniuliza maswali, na mimi nawajibu nikiwa nimekunja miguu. Lakini haya yote yangeweza kuzikwa asubuhi moja, pamoja na watu watatu wasio na hatia, kama si mwanamke mmoja aliyekataa kusimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Alinijia mzee mmoja, Mzee Gitau, karani aliyestaafu, mtu mpole wa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Alitaka kuwapeleka wageni ziwani Naivasha. Boti yake ya faiba ilikuwa ikitengenezwa kwenye yadi moja karibu na Mukuru kwa Njenga, na sasa alihitaji trela ya kuibebea. Akaniuliza, "Fundi, hii boti itakuwa na uzito gani?" Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba hilo aniachie mimi.

Nilipimaje? Siku walipoipindua ili wapake rangi tumbo lake, nilikuwepo. Watu tisa waliiinua. Na sisi mafundi wa jua kali, mwanangu, tulikuwa na kipimo chetu: mtu mmoja, mfuko mmoja wa simiti, kilo hamsini. Watu tisa, basi mifuko tisa. Nilikuwa na ekseli niliyoitoa kwenye gari dogo lililoangukia mtaroni, nami nilijua inabeba mifuko kumi na miwili bila kulalamika. Tisa kwa kumi na miwili, imebaki mitatu ya kupumua. Nilijiona mkarimu kabisa.

Trela ikakamilika kwa siku sita. Niliipaka rangi ya buluu, ikang'aa kama sufuria mpya. Ijumaa asubuhi boti ikapandishwa juu yake. Injini ikafungwa nyuma, yakawekwa madebe mawili ya petroli, betri, nanga na kamba yake, makoti ya kuelea, na sanduku la vifaa. Mzee Gitau akarudisha pikapu yake nyuma ili tuifunge. Ndani walikaa mkewe na binti yao, na chupa ya chai ya safarini. Walikuwa wateremke Bonde la Ufa siku hiyohiyo, kwa sababu wageni wa kwanza walikuwa wakiwangoja kesho yake.

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Boti Jericho si jambo la kila siku. "Fundi, umeweza!" "Buda, hiyo ni ndege!" Nami nilizunguka nikiipiga ile chuma kwa kiganja kama mtu anayeuza ng'ombe.

Ndipo akavuka barabara Mama Mwende. Huyu alikuwa mama wa Kikamba aliyenunua vyuma vikuukuu mkabala na karakana yangu, mikono yake myeusi kwa kutu, na alivitazama vyuma jinsi wengine wanavyotazama watu. Alizunguka trela mara moja. Akainama, akazitazama tairi, ambazo kwa chini zilikuwa zimetanuka. Kisha, bila kusema neno, akakalia ule mkono wa trela unaofungwa kwenye gari.

"Mama, simama. Watu wana safari," nikamwambia.

"Hii boti ina mifuko mingapi?"

"Tisa."

"Nani alipima?"

"Waliibeba watu tisa. Niliwaona kwa macho yangu."

"Watu wa wapi?"

"Wa Mukuru."

Akacheka mpaka akashika kilemba. "Wale wanaopakua malori ya simiti kutwa? Mmoja wao anabeba miwili huku akiongea na simu! Kijana, wewe umepima watu. Boti hujaipima."

Watu wakaangua kicheko. "Mathe amemmaliza!" Nikamwambia neno ambalo bado linanitia aibu: "Mama, kazi yako ni kununua misumari iliyopinda. Hii ni uinjinia."

"Sawa, injinia. Na ile mashine ya nyuma? Na petroli? Na trela yenyewe, hii chuma yote, inabebwa na nani? Na malaika?"

Mwanangu, ukweli ni kwamba trela sikuwa nimeihesabu hata kidogo. Nilidhani kinachobeba hakihesabiwi.

Nikakubali kupima, lakini kwa nia ya kumwaibisha. Ndipo akainuka, tukaisukuma hadi kwenye mizani yake kubwa ya chini, ile ya kupimia mapipa ya vyuma. Akapandisha tairi ya kushoto, na chini ya ile ya kulia akaweka mbao ili trela isilale upande. Mifuko kumi na mmoja. Akageuza: ya kulia, kumi. Mkono wa mbele, mmoja. Ishirini na miwili.

"Ekseli yako inabeba mingapi?" aliniuliza taratibu, bila kejeli, na hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Mzee Gitau hakuelewa habari za mifuko. Alinitazama mimi tu. "Fundi, itafika?"

Sikiliza vizuri hapa. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kumwambia kwamba malori kila siku yanabeba kupita kiasi na yanafika. Na isingevunjika mbele yangu. Ingevunjika kule mteremkoni, mbali, mahali ambapo hakuna anayejua jina langu. Wakati huohuo mkewe alikuwa ameshuka garini na kikombe. "Kunywa, fundi, umefanya kazi tangu asubuhi." Nilikipokea kile kikombe, nikakiweka juu ya trela.

"Haitafika, mzee. Nimekosea."

Wale waliokuwa wakinishangilia wakaanza kutazama viatu vyao.

"Wageni wananingoja kesho," akasema.

"Najua, mzee."

"Na jana uliniambia trela yako inaweza kubeba hata kanisa."

"Nilisema."

Akavua kofia, akamtazama mkewe. Kisha akamwambia, "Mwongezee huyu kijana sukari, anywe." Akanigeukia. "Sasa niambie itafika lini."

Tulipoishusha boti nilinyoosha uzi kando ya ile ekseli. Ilikuwa imeshapinda kwa kusimama tu. Haikuwa imeona hata tuta moja la barabarani.

Nilitengeneza nyingine kwa siku kumi na moja: ekseli mbili za pikapu, springi na tairi zake, na fremu nikaipima ikiwa tupu kwanza. Mzee Gitau alikosa wale wageni, hakunipigia kelele, na baadaye aliniletea wateja ambao wamelea watoto wangu. Namshukuru. Lakini Mama Mwende, huyo sina neno la kumtosha. Sasa amezeeka, yuko kwao Machakos, na kila Desemba naenda kumsalimu. Mimi huwatangazia wanawe kwamba karakana zangu mama yao ndiye aliyezijenga. Yeye hunijibu, "Umeanza tena kelele zako."

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Mtu akikuletea boti, usimuulize ina uzito gani. Muulize itakuwa na uzito gani siku ya safari, na injini, na mafuta, na maji yaliyobaki chini, na kila takataka ambayo mwenyewe amesahau kuitaja. Halafu ongeza trela yenyewe. Hesabu ikitoka, bado hujamaliza: acha nafasi, kwa maana barabara nayo ina mashimo yake, na utazame tairi, kwa sababu ekseli nzuri juu ya tairi dhaifu ni kazi bure. Usikadirie kwa macho wala kwa mabega ya watu. Mizani ipo, nenda kapime, hata kama mwenye mizani umemtukana dakika tano zilizopita. Na ukiulizwa kama itafika, nawe unajua haitafika, sema palepale, mbele ya wote waliokusikia ukijisifu. Utaaibika asubuhi moja tu. Mimi niliaibika, na tazama nilipo.

Mungu akubarikie mikono yako isikose kazi. Akupe wateja wavumilivu na nyumba yenye watu wanaorudi salama. Na popote utakapofungua karakana yako, akuwekee karibu mtu asiyeogopa kukukasirisha.