Mtakatifu Isidro Apakwa Rangi ya Gari

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka mpaka chai inanipalia. Tulikuwa vijana, madereva na vibarua kutoka Kenya, tumejazana katika fleti moja kule Bani Malik, Jeddah. Aliyekuwa kama baba yetu humo ni Mzee Nando, seremala Mfilipino. Ndani ya kabati lake la nguo alikuwa na sanamu ya mbao ya Mtakatifu Isidro, mwombezi wa wakulima, na ng'ombe wake kando. Babu yake ndiye aliyeichonga na kuipaka rangi. Kila asubuhi kabla ya kazi, mzee aliugusa mguu wa Isidro kwa kidole gumba, kisha akafunga kabati.

Mzee akaenda likizo, akamwachia mwenzetu Barasa ufunguo wa kabati. Barasa alikuwa fundi wa kupuliza magari rangi, kijana mwema ajabu, ila mikono yake haikujua kutulia. Akaona mguu wa mtakatifu umebanduka rangi.

"Wacha kitu ya wenyewe," nikamwonya.

"Wewe endesha gari. Rangi niachie mimi."

Basi akamsugua Isidro kwa msasa, akampulizia ile nyeupe ya magari ya mabosi, na vanishi juu. Ng'ombe naye akapata rangi ya fedha. Waling'aa ungedhani wanangoja namba za usajili!

Mzee aliporudi alifungua kabati, akanyosha kidole gumba kuugusa mguu, akakirudisha. Barasa anatabasamu, anangoja shukrani.

"Huyu ni nani?" mzee akauliza kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga.

"Isidro, baba. Sasa ni mpya kabisa!"

"Mama yangu alishika mguu ule kila alipokuwa akiniombea. Rangi iliisha kwa mkono wake. Umemfuta mama yangu."

Barasa akalia kama mtoto. Nami nililia, ingawa yule ng'ombe alikuwa akinichekesha. Mzee alipoyaona machozi, hasira zikamwisha. Akampakatisha Barasa sanamu.

"Yalla, haya, sugua. Kwa kidole. Msasa mafi, hakuna msasa!"

Barasa akasugua kila jioni mpaka mkataba wake ukaisha, na rangi ile, mwanangu, haikutoka hata chembe. Alikuwa fundi kwelikweli!

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: ukiona vimechakaa, huenda vimependwa. Kabla hujatengeneza cha mwenzio, muulize mwenyewe, hasa ukiwa fundi hodari, maana kosa la fundi hodari halibanduki. Mungu akujalie mikono ya kazi, na akutangulizie ulimi wa kuuliza. Amina.